Talaka Iliyotundikwa Mwezini

Mji huu wa Dubai umepagawa na anga. Ukitoka nyumbani kwetu Al Muraqqabat kwenda kununua mkate tu, unapishana na roketi ya plastiki mlangoni mwa duka la simu. Ukiingia mkahawani unaletewa keki ya mviringo iliyopakwa kijivu, ati mwezi, na kwa bei yake unapata kuku mzima wa kuchoma na wali wake. Kwenye zahanati ninakofanya kazi ya mapokezi, Oud Metha, wameweka mwanasesere mrefu kuliko mimi, kavaa nguo nyeupe za kwendea angani na kofia ya kioo, na watu wazima na ndevu zao wanasimama kupiga naye picha huku wanasubiri kung'olewa meno. Mimi nikipita namgeuzia kisogo. Kwao mwezi ni keki. Kwetu sisi mwezi ndio ulioishika ndoa ya wazazi wangu kwa zaidi ya miaka hamsini, na siku moja mwaka jana ukaiachia.

Nieleze tangu mwanzo, maana jambo hili ukilisikia nusu utadhani nimerukwa na akili. Baba yangu aliapa kwa talaka ya mama kwamba hakuna binadamu aliyekanyaga mwezini. Na si talaka moja ya kurejeana. Talaka tatu kwa mpigo, zile ambazo mke hamrudii mume mpaka aolewe kwanza na mwanamme mwingine, naye amwache. Aliapa hivyo kibarazani, Ng'ambo ya Unguja, baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, kwa ajili ya kumkomoa rafiki yake katika ubishi wa Warusi na Wamarekani. Kwa hiyo kama Wamarekani walifika, mama si mkewe. Kama hawakufika, ni mkewe. Mtumee! Wenzake waliweka rehani saa na baiskeli. Yeye alimweka mama yangu, ambaye alikuwa ndani anakaanga vitumbua.

Vijana wa leo hawajui ubishi wa zama zile ulivyokuwa. Mrusi alianza kurusha kitufe cha chuma kikazunguka juu kinalia pii, pii, na dunia nzima ikasimama kukisikiliza kana kwamba haijawahi kusikia kifaranga. Kisha akarusha mbwa. Mbwa hakurudi. Mmarekani naye, asipitwe, akarusha sokwe. Kisha Mrusi akarusha mtu, na huyo akarudi mzima anacheka, na Mmarekani akavimba kwa wivu akaapa kwamba yeye atafika mwezini kabisa. Mataifa mawili yenye mabomu ya kuimaliza dunia, yanashindana kama watoto wa kiume wanaotazamana nani anakojoa mbali. Na watu wazima wenye familia zao walikesha na redio zao kusikiliza mkojo umefika wapi.

Sisi Unguja tulikuwemo, usicheke. Wamarekani walikuja wakajenga kituo chao Tunguu, mashamba, cha kusikilizia vyombo vyao vikipita juu yetu. Wengine wakaandamana, wakisema yale si masikio, ni makombora, siku yoyote tutaliwa sote. Wengine wakapata kazi humo wakanyamaza. Yakaja Mapinduzi, Wamarekani wakafungasha wakaenda zao, na nyuma yao wakaingia Warusi, Wajerumani wa Mashariki na Wachina. Wanasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Ya wapi! Nyasi za kwetu zilikwenda zenyewe zikajilaza chini ya miguu, kila unyasi na tembo wake.

Baba tembo wake alikuwa Mrusi. Alipelekwa kule kwenye baridi kusomea mitambo, akarudi na cheti, beji ya roketi ya kubania kifuani, na kofia ya manyoya ambayo aliivaa Unguja, katika joto la Unguja, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Akapata kazi gereji ya serikali chini ya fundi mkuu wa Kirusi. Rafiki yake wa barazani yeye alikuwa ameosha masufuria jikoni kwa Wamarekani wa Tunguu, na aliwapenda kwa sababu walimpa nyama ya kopo. Hao ndio waliokuwa mabalozi wetu wa mataifa makubwa: mmoja kofia ya manyoya, mwingine nyama ya kopo.

Siku redio ziliposema Wamarekani wameshuka mwezini, yule wa nyama ya kopo hakungoja hata watu wakae. "Yakhe, vipi? Mrusi wako yuko wapi? Kapotea njia?" Baraza zima likacheka. Baba akasema uongo mtupu, wamepiga picha jangwani kwao. Mwenzake akasema, "Unasema hivyo kwa kuwa umeshindwa." Na baba yangu, ambaye watu wanasema alikuwa kijana mpole, akasimama akaupiga ukuta kwa kiganja na kusema lile neno. "Kama kuna mtu kakanyaga mwezi, mke wangu kaachika talaka tatu!"

Ulimi hauna mfupa, lakini wanaume wa kwetu wameupa bunduki. Sijui ni nani aliyewafundisha kwamba mke ni kitu cha kupigilia mhuri maneno yako. Anabishana bei ya samaki, anaapa talaka. Anabishana nani kafunga goli, anaapa talaka. Mke yuko jikoni hana habari, na huku nje anaachwa na kurejewa kwa ajili ya changu na jodari.

Mama hakuwa na bahati ya kutokuwa na habari. Dirisha la jiko lilikuwa juu ya baraza. Hajatimiza mwaka katika ndoa, hina ya harusi ya dada yake iko mikononi, na anasikia anaachwa. Aliniambia kwamba alimaliza kwanza kukaanga. "Mafuta yalikuwa yamepata moto," alisema. "Ningeyaacha?"

Habari ikafika kwa babu yangu mzaa mama kabla ya magharibi, akaja kumchukua mwanawe. Wakaitana kwa maalim wa mskiti wa mtaani. Maalim akamuuliza baba, "Wewe unasadiki kuwa wamefika?" Baba akasema hasadiki hata kidogo. Maalim akafikiri, akakohoa, akatoa hukumu yake: "Maadamu unakanusha, mkeo ni mkeo. Lakini siku utakayosadiki, huna mke." Na wakanywa kahawa wakatawanyika, wameridhika, kana kwamba wamemaliza jambo. Wamemaliza nini? Walichukua maisha ya msichana wakayatundika kule juu, halafu wakaenda kulala.

Ndipo ilipoanza kazi ya baba ya kutosadiki. Tulipohamia Dubai mimi ni mdogo, nikiwa nimezaliwa baada ya kiapo, alihama nayo kama mtu anavyohama na kasha lake. Alifungua kibanda cha vipuri vya magari Ras Al Khor, na ukija kutafuta pampu ya maji ya gari lako ulikuwa huondoki kabla hujasikia kwamba bendera haipepei pasipo upepo, na vivuli vya picha zile vimekwenda kombo. Wapakistani wa karakana za jirani walimpenda, maana nao walikuwa na mashaka yao. Arbab wake, yaani mdhamini wa leseni yake, Mwarabu mtu mzima mwenye subira, alikuwa akimsikiliza, mwisho anasema, "Khalas, hawakufika. Sasa nipatie fani belti." Ilipokuja intaneti na wale Wazungu wasiokwisha kudai kwamba yote yalikuwa mchezo wa kuigiza, baba alifurahi kama aliyepata ndugu zake waliopotea. "Unaona?" alikuwa akimwambia mama. "Wenyewe wanakiri!" Mama alikuwa hajibu. Alikuwa akishona, au akichagua mchele, na akiulizwa anasema, "Mimi mwezi wangu ni wa kufungia Ramadhani."

Nilipokuwa skuli, mwalimu wa sayansi alituuliza nani wa kwanza kufika mwezini. Kila mtoto alinyanyua mkono. Nikasimama nikasema hakuna. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanitaka niseme tena, nikasema tena hakuna, na machozi yananitoka, maana nilijua nikisema jina analolitaka, mama yangu ataondoka nyumbani. Nikatolewa nje nikasimama kwenye jua hadi kengele. Hilo sijamsamehe baba, nakwambia wazi. Sijawasamehe na hao Wamarekani na Warusi wao, ingawa najua hawakunituma.

Tuache hayo. Baba alizeeka, kibanda kikauzwa, na miaka miwili iliyopita alipata kiharusi kilichomlaza upande. Mimi nilikwisharudi kuishi nao baada ya kufiwa na mume. Mama alimhudumia mwenyewe: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha. Nilipoona mgongo wake unapinda nikatafuta wa kumsaidia, tukampata msichana wa Kikenya kutoka bara, Mkristo, mchangamfu, mwenye nguvu za kumnyanyua mzee kama mto. Msichana alimwita mama Shosho na baba akamwita Guka, ndivyo kwao wanavyowaita bibi na babu, na mimi aliniita Madam hata nilipomkataza. Ndiye aliyegundua kwamba baba akiwekewa televisheni hasumbui.

Siku ya mkasa wenyewe ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kula. Yule msichana alimwekea filamu ya safari za mwezini, zile za zamani zilizosafishwa picha zikawa kama zimepigwa jana. Hakujua. Nani angemwambia? Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo, mama amekaa ukingoni mwa kitanda anamlisha baba uji. Kwenye skrini watu wawili wa nguo nyeupe walikuwa wamepanda kigari wanakipeleka huku na huku juu ya mchanga wa kijivu. Baba aliguna, kama kawaida yake. Aliguna tena. Kisha akaacha kuguna. Kupitia mlangoni nikamwona amenyanyua kichwa kutoka kwenye mto.

"Vumbi hilo," alisema.

"Meza uji," mama alimwambia.

"Tazama vumbi la gurudumu. Linaruka juu na linaanguka pale pale, halitandi." Ulimi wake ulikuwa mzito tangu kiharusi, lakini hayo aliyasema vizuri. "Nimekaa Ras Al Khor umri mzima nimekula vumbi la magari. Vumbi la duniani linakaa hewani, linaelea. Hilo linaanguka kama kokoto. Hakuna hewa pale." Na akatikisa kichwa, fundi aliyefurahishwa na kazi ya fundi mwingine. "Wallahi, walifika, mashetani hawa."

Nguo ilinianguka mkononi. Mama alikuwa ameshika kijiko hewani. Kwanza nilidhani hakusikia, lakini akaweka kijiko bakulini, akaweka bakuli juu ya meza taratibu lisimwagike, akasimama. Akauvuta ule mtandio wake wa mabegani akajifunika kichwa, nywele zote, akaubana chini ya kidevu kama anavyofanya anapobisha hodi fundi wa kiyoyozi. Akatoka chumbani bila kugeuza uso. Mlangoni akaniambia, "Zima hiyo, mwanangu. Na mwambie mwanamme huyo kuna mwanamke wa watu alikuwa humu, amekwenda zake."

Baba akaelewa hapo. Uso wake upande mmoja hauna habari tena, lakini ule mzima ulibomoka wote. "Mke wangu!" akaita.

"Huyo hayupo," mama alijibu kutoka jikoni.

Yule msichana alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono kichwani, ikabidi nimsimulie. "Aki Madam, mimi nilitaka tu asiboeke! Sikujua TV inaweza vunja ndoa!" Akafikiri. "Kwani sasa Shosho amepewa divosi na mwezi?" Nilitaka kumkaripia, nikashindwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa.

Mama akahamia chumbani kwangu na kutangaza kwamba yuko katika eda. Bibi wa miaka sabini na kitu, magoti hayapandi ngazi, anakaa eda kwa ajili ya kigari cha mwezini! Akipita ukumbini anasema hodi, mlango wa baba ufungwe. Chakula anapika, lakini kukipeleka anapeleka msichana. Baba anaogeshwa na msichana, naye analia kwa aibu. Siku ya pili akafumba mdomo, hataki uji wala dawa. Nilimbembeleza, nikamgombeza. Nilimwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akasema, "Mwambie sikusema kitu. Mwambie nilikuwa naota." Nikamwambia, "Baba, kamwambie mwenyewe." Halafu nikakumbuka kwamba hawezi kutembea, na nikaona uchungu kwa kusema hivyo, lakini hasira haikunitoka.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anakatakata vitunguu kwa kasi ya kutisha. Nikamwambia, "Mama, mtu mgonjwa, neno limemponyoka. Hata kama walifika, nyinyi mmezeeka pamoja. Mmeona wajukuu. Nani atakuja kuwauliza?"

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayeuliza." Akaweka kisu. "Unadhani nagombana juu ya mwezi? Mwezi unanihusu nini? Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Niliposikia natajwa dirishani nilidhani nimesikia vibaya. Hakuniuliza. Hata yule mbwa wa Kirusi hakuulizwa, lakini mbwa angalau alipewa jina redioni. Miaka yote hii anabisha, anabisha, na watu wanasema, lo, anavyompenda mkewe, anaukana ulimwengu mzima kwa ajili yake. Ananipenda! Hajaniambia siku moja, nisamehe, nilikuweka rehani."

Nilikuwa nimeishi umri wangu wote nikidhani mama hajali. Nilimkumbatia akanisukuma, ati vitunguu vinaungua, na havikuwa hata motoni.

Basi nikafanya ninaloweza, nikampigia simu shehe mmoja wa kwetu anayesomesha Sharjah, mtu wa vitabu na hana makuu. Nilimwambia yote, hata kofia ya manyoya. Nilisikia anajizuia asicheke. Kisha akasema maalim yule wa zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikosea kidogo. Haijalishi baba anasadiki nini leo. Kinachotazamwa ni siku aliyoapa. "Mtu akiapa juu ya jambo na yakini yake ni kwamba ndivyo lilivyo, kisha likabainika sivyo, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu talaka haimwangukii. Hakukusudia. Lakini kama siku ile alijua ukweli, na akaapa kwa kushindana tu, basi ilianguka pale pale."

Nikataka kuruka. Haikuanguka! Miaka yote ile ya bendera na vivuli na fani belti, na mimi kusimama juani, bure! Angesadiki siku ya pili tu na mama angekuwa mkewe vile vile! Nilicheka peke yangu kwa hasira. Shehe akasema, "Ngoja, binti yangu. Muulize mzee kwanza. Siku ile, moyoni mwake, alikuwa anaamini hawakufika? Nipo nasubiri."

Nikaingia chumbani na simu mkononi, nikaiziba kwa kiganja. Mama alinisikia nikipita mbio, akaja nyuma yangu akasimama kizingitini, mtandio wake umebanwa vile vile. Nikamweleza baba kwa ufupi. Nikamwambia, "Sema tu kwamba uliamini, baba. Sema tumalize." Nilikuwa na hakika. Mtu gani angebisha jambo miaka hamsini na ushei asiliamini tangu mwanzo?

Baba hakunitazama mimi. Alimtazama mama, na nikaona midomo yake inatafuta.

"Nilijua," alisema.

Niliibana simu kifuani.

"Asubuhi ile gerejini. Fundi wangu Mrusi alikaa juu ya sanduku la spana hakufanya kazi. Nikamuuliza kwa lugha yao, vipi, mkuu? Akasema wamefika. Alikuwa analia, mtu mzima vile. Mimi sikujua kama Mrusi analia." Alipumzika, akapata pumzi. "Nikaja barazani nimejaa. Nikachekwa. Sikutaka nichekwe. Nikakushika wewe nikakutupa. Halafu baba yako akaja kukuchukua, nikaogopa, nikasema sisadiki. Ikabidi nisisadiki kila siku." Chozi lilimtoka jicho moja tu, lile la upande unaofanya kazi. "Niwie radhi. Nilikutupa."

Nilimchukia baba wakati ule, nasema kweli, na nilimwonea huruma, na sikujua kipi kilitangulia. Kama talaka ilianguka siku ile, mimi niliyezaliwa baadaye ni mtoto wa ndoa gani? Ulimwengu wangu wote ulikuwa ndani ya simu niliyoibana, na shehe alikuwa anasema humo kwa sauti ndogo, "Halo? Binti yangu? Halo?"

"Nilijua kwamba unajua," mama alisema. "Mchana ule ulirudi nyumbani hukula pweza. Wewe, usile pweza!"

Akaja kitandani, akaninyooshea mkono. Nikampa simu. Sikuthubutu kumuuliza atasema nini. Angeweza kusema neno moja na kuwa huru, na nani angemlaumu? Si mimi.

"Asalaam aleikum, shehe. Mimi mkewe." Alikaa ukingoni. "Umeuliza kama aliamini. Aliamini, shehe. Huyu bwana ni mjinga. Mjinga tangu ujana, hata Urusi walimsomesha wakashindwa. Waliambiwa dunia nzima wamefika, watoto wadogo wakajua, punda wa Ng'ambo wakajua, yeye peke yake akaamini hawakufika. Ndiyo. Moyoni kabisa. Mimi nilikuwepo." Alisikiliza. "Alhamdulillahi. Na wewe Mungu akuzidishie."

Akanirudishia simu. Kisha akamgeukia baba. Sauti yake sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile, wala baada yake.

"Umesikia? Wewe ni mjinga uliyeamini. Utakuwa mjinga mbele ya shehe, mbele ya watoto, mbele ya wale Wapakistani wakija kukutazama, mpaka kaburini. Ukipanua kinywa mara moja kusema kwamba wewe mwerevu, ulijua, mimi nakwenda zangu, na magoti haya haya. Haya, wewe ni nani?"

Mtu huyu hakukubali kushindwa na Wamarekani, wala na redio, wala na rafiki yake wa nyama ya kopo.

"Mjinga," alisema baba.

"Mwanao hakusikia."

"Mimi mjinga, mke wangu."

Mama akaufungua mtandio. Akanitazama mimi bado nimesimama pale kama mlingoti, akaniuliza kama sina kazi, akanitoa chumbani, na akafunga mlango kwa ndani.